Neno Lililoinuka Peke Yake

Jumanne, kipindi cha pili, mwalimu wa sarufi ya Kiingereza katika chuo cha ualimu aliandika ubaoni sentensi ya mzee wa pembeni aliyeuza baiskeli yake: *The old man in the corner sold his bicycle.* Alirudi hatua mbili kuangalia kama mstari umenyooka, kisha akawaeleza wanachuo wake thelathini na wanane kwamba maneno ya sentensi hayakai tu foleni kama watu kwenye dirisha la tiketi. Yapo yaliyoshikana, na yaliyoshikana huitwa kirai. Kirai hupimwa. Ukiweka neno moja mahali pake, sentensi inakubali. Ukikihamisha, kinahama chote. Ukiuliza swali, kinajibu peke yake.

Wanachuo walimwita Mama Kirai. Alijua, na hakujali.

Ili waelewe maana ya kuhama, alilishika neno *man* kwa kucha mbili, kama alivyozoea kufanya kwa ishara tu. Safari hii neno likatoka. Lilibanduka ubaoni, jeupe na jepesi, na maneno mengine matano yakalifuata, *the* na *old* na *in the corner*, yote sita yakining'inia vidoleni mwake kama nguo kwenye kamba. *Sold his bicycle* yalibaki pale pale, yakisubiri. Mwalimu aliandika *he* kwenye lile pengo na sentensi ikatulia. Mwanachuo wa dawati la mbele aliuliza kama hilo litakuja kwenye mtihani. Mwalimu alisema litakuja. Wakaandika.

Baadaye alikirudisha kirai mahali pake, akajaribu kuyatoa *corner* na *sold* kwa pamoja. Yalikuwa yamekaa ubavu kwa ubavu, lakini *corner* lilinyanyuka na *sold* likagoma.

Jumatano mkuu wa idara alikuja, akakaa nyuma, akatazama virai vitatu vikihama. Aliomba tu chaki itumike kwa uangalifu, maana boksi lililobaki ni moja.

Siku hiyo, wanachuo walipotoka, mwalimu alirudishia mlango. Aliandika sentensi ndefu kuliko zote alizowahi kuzitunga, ya mabati na mvua na watoto wa jirani, ikajaza ubao. Akashika neno moja la katikati, akainua. Kirai kikapanda kikiwa na kingine ndani yake, na ndani ya hicho kingine tena, kila kimoja kimemkumbatia mwenzake, mpaka maneno meupe yakafika kwenye feni ya dari. Yalikuwa yakigusana kwa sauti ndogo sana, kama mchele unaomwagwa juu ya karatasi. Miaka ishirini na miwili alikuwa akiwaambia watu jambo alilolisoma kitabuni. Sasa alikuwa amesimama chini yake. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akabaki pale ameinua uso mpaka msafishaji alipogonga mlango akitaka kudeki.

Ijumaa mchana mdogo wake alifika nyumbani na bahasha. Mume wa huyu mdogo wake alikuwa mlinzi wa kiwanda cha magodoro. Alifia kazini wiki sita zilizopita, akamwacha mjane na mabinti wawili katika nyumba ya vyumba viwili ndani ya ua wa kiwanda. Barua ilikuwa ya Kiingereza, na sentensi iliyopigiwa mstari ilikuwa moja tu: *Families of guards who live in the compound may stay.* Afisa wa nyumba alikuwa ameshamfafanulia. Wanaoruhusiwa kubaki ni familia za wale walinzi wanaoishi uani. Mumewe haishi tena uani. Kwa kweli haishi popote. Kwa hiyo wafungashe.

"Dada," alisema mdogo mtu, "hiyo *who* ni ya nani? Ya walinzi au ya familia?"

Mwalimu alimwambia hapo ndipo penyewe. Kwa Kiswahili afisa angelazimika kujitaja: ama familia za walinzi *wanaoishi* uani, ama familia za walinzi *zinazoishi* uani, na ubishi ungeishia hapo. *Who* imefunga mdomo. Itabidi ipimwe.

Aliitandaza barua mezani, akanawa mikono, akalishika *guards*. Kama ule mkia wa *who live in the compound* ungepanda nalo, afisa angekuwa sahihi. Mdogo mtu alishika ukingo wa meza. Neno lilitikisika, likabanduka, likapanda taratibu, jeusi, dogo, likazunguka hewani peke yake. Mkia ulibaki chini, umeng'ang'ania *Families*.

Mdogo mtu alilitazama lile neno mpaka macho yakamjaa, kisha akaomba alishike. Mwalimu alimwekea kiganjani, naye akakaa nalo kwa muda, mkono ameunyoosha, bila kupumua kwa nguvu.

Jumatatu walikwenda kiwandani. Afisa wa nyumba alikuwa mtu mstaarabu. Aliwapa pole tena, akawavutia viti. Mwalimu alirudia kipimo mbele yake, na *guards* likapanda peke yake. Afisa akaomba kujaribu kwa vidole vyake mwenyewe, na kwake likapanda vile vile. Akamwita karani wa masjala, naye akajaribu, mambo yakawa yale yale. Wote wanne walilitazama neno likielea juu ya meza kwenye mwanga wa dirisha. Karani alisema ni kitu kizuri sana kukiona.

"Mwalimu," afisa alisema hatimaye, "sentensi iko upande wenu. Sina ubishi."

"Basi abaki."

"Barua niliiandika mimi. Nilikusudia kitu kingine."

"Lakini uliandika hiki."

"Ndiyo. Nimekiona."

Alilirudisha neno mahali pake kwa kidole gumba, kwa adabu, akaigeukia kompyuta. Punde printa ikatoa karatasi mpya, ya kuzitaka familia za walinzi waliokufa ziwe zimehama kufikia Jumapili: *Families of dead guards must leave by Sunday.* Kwa kuwa mwalimu yupo, afisa alisema, angeshukuru kama angeikagua, asije akakosea tena.

Mwalimu aliisukuma ile karatasi pembeni. Ni mdogo wake aliyemnong'oneza aipime, huenda nayo ina upenyo. Akalishika *guards*. Lilipanda, na safari hii *dead* lilikuja nalo, bega kwa bega. Akabadilisha, akahamisha, akauliza swali. Hakuna kilicholegea.

"Ni sahihi?" aliuliza mdogo mtu.

"Ni sahihi," alisema mwalimu.

Mdogo wake akatia saini kwamba ameipokea.

Jumapili asubuhi walitoa vitanda. Mlinzi mpya alifika na godoro kichwani, akalitua, akawasaidia kubeba kabati. Mjane alimwonyesha bomba linalotaka kukazwa mara mbili. Kisha akamwambia kuhusu lango kubwa: bawaba ya juu imekatika, akilifungua asisimame chini yake, ndivyo lilivyomwangukia mume wake. Alilisema hilo kwa sauti ile ile aliyoitumia kuelezea bomba.

Mlinzi mpya alijibu kwamba ameshaiona. Ameiripoti mara mbili tangu aanze kazi, akaambiwa siku hizi taarifa hupokelewa kwa maandishi, tena kwa Kiingereza tu, na Kiingereza chake yeye ni cha kuungaunga.

Mwalimu alikaa juu ya furushi la nguo, akatoa kalamu, akamwandikia. Ilikuwa sentensi moja, fupi. Alipomaliza aliipima yote. Kila kirai kilipanda na vilivyo vyake, kikashuka mahali pake, na hapakuwa na mtu ambaye angeweza kuisoma kwa maana mbili.

Kesho yake mlinzi aliipeleka ofisini. Karani wa masjala aliipokea kwa mikono miwili, akaigonga muhuri, akafungua faili la lango, akaiweka juu ya barua tatu za Kiswahili zilizoandikwa kwa mkono wa marehemu.