Walimu Hawakuandikwa

Kila asubuhi Odessa Tarpley alivaa sketi yake ya kijivu, akafunga vifungo vya blauzi hadi shingoni, akaketi barazani na mkoba mapajani, akingoja kwenda kazini. Kazi yenyewe ilikwisha miaka arobaini na mitano iliyopita. Ile shule ya watoto weusi ya mji wa Pruitt, Alabama, alikofundisha muziki, ilishabomolewa, na pale sasa wanauza magari ya mitumba. Lakini akili ya Odessa ilikuwa imeanza kurudi nyuma, na ilipofika penye shule ikagoma kuendelea.

Lucius, mumewe, alimlisha uji wa mahindi wenye siagi, akamfuta midomo, akamtembeza hadi konani na kumrudisha. Kila siku alimwambia kwamba leo ni likizo. Mwanamume aliyewahi kusimama mbele ya jaji wa kizungu bila kutetemeka alishindwa kumwambia mkewe ukweli.

Alishindwa kwa sababu ukweli ule ulimgusa yeye mwenyewe. Jumapili moja ya mwaka ule walipoishtaki bodi ya shule mahakamani, wazazi weusi walibaki kanisani baada ya ibada kuandika madai yao, ili watoto wao wasome shule moja na wazungu. Lucius alikuwa na mwandiko mzuri, basi kalamu akapewa yeye. Wakaandika vitabu, maana vyao vilikuja vimechanika, na majina ya watoto wa kizungu ndani. Wakaandika basi la shule. Wakaandika watoto, mmoja mmoja. Odessa alikuwa akipita kati ya viti akiokota pepeo za karatasi walizojipepea watu, naye akauliza taratibu, "Na sisi walimu, Lucius? Mmetuandika wapi?"

Lucius akacheka. Hicho kicheko ndicho kilichokuja kumtafuna hadi uzeeni. "Mke wangu, watoto wakiongezeka, walimu watafukuzwa? Si ndio watatakiwa zaidi?" Wanaume wenzake nao wakacheka, na karatasi ikakunjwa.

Wakashinda kesi. Kanisa liliimba mpaka sauti zikakauka, na walikuwa na haki ya kuimba. Kabla ya miezi mitatu kwisha, shule ya weusi ikafungwa, vikombe vyake vya mashindano vikatupwa jalalani, piano ikaachwa nje ikinyeshewa. Walimu weusi kumi na tisa wakapata barua za mistari miwili. Ya Odessa ilisema shule ya wazungu ina mwalimu wake wa muziki, asante. Hao wazungu wenyewe hawakukaa. Walijijengea shule yao ya kulipia, wakahamisha watoto wao, wakawaachia weusi jengo lenye mwangwi.

Odessa alifua na kupiga pasi kwa mke wa daktari miaka ishirini na sita. Kanisani walipomwomba apige kinanda, alisema vidole vinamuuma. Hakumlaumu mumewe hata siku moja, na laiti angemlaumu, labda Lucius angepata pa kuanzia kuomba radhi. Lakini aliahirisha mwaka hadi mwaka. Majuto ni mjukuu, na huyu wa Lucius alikuwa ameshaota ndevu.

Sasa bodi ya shule ilitaka kumwekea Lucius jiwe la kumbukumbu mbele ya jengo lile: Lucius Tarpley, aliyefungua milango. Binti yao Renita alikuja kutoka Atlanta, akampigia pasi suti. Asubuhi ya sherehe Lucius akamwambia haendi popote kabla hajamwomba mama yake msamaha. Akisamehewa, atakwenda. Asiposamehewa, jiwe walifunike kwa shuka lao, walirudishe lilikotoka.

"Baba, atakusamehe nini, naye hakumbuki hata alichokula sasa hivi?"

"Kuna asubuhi anakumbuka. Juzi aliniita kwa jina."

Akatoka barazani, akapiga magoti mbele ya mkewe. Magoti ya mtu wa miaka themanini hayashuki kirahisi. Akamshika mkono.

"Odessa, siku ile kanisani niliandika kila kitu, nikakusahau wewe. Uliniuliza, nikakucheka mbele za watu. Nisamehe, mke wangu."

Odessa akampigapiga mkono kwa upole, kama alivyozoea kuwatuliza wazazi siku ya kwanza ya muhula.

"Usihofu, mzee wangu. Wazazi wengi wananiuliza hivyohivyo, kwamba sisi walimu itakuwaje. Hata mimi nilikuwa na wasiwasi. Lakini nilimwuliza mume wangu, akacheka, na Lucius akicheka vile ujue jambo ameshalifikiria. Ndiye anayeandika yale madai. Hawezi kutusahau."

Lucius akainamisha kichwa kwenye mkoba ule mapajani mwa mkewe, akalia bila kujificha. Odessa akamwachia alie.

"Na mwanao ni yupi?" akauliza baadaye. "Anaimba?"

Renita alikuwa amesimama mlangoni na tai ya baba yake mkononi. Akasema kwa sauti ndogo kwamba watu wanangoja. Odessa akatazama jua, akasema kengele ya shule italia wakiwa bado wamekaa hapo.

Lucius akashika nguzo ya baraza, akanyanyuka, akauchukua mkoba. Akampa mkewe mkono, wakashuka ngazi. Siku hiyo hakumwambia kwamba ni likizo, na walipofika konani hakumrudisha, wakashika njia ya kwenda ilikokuwa shule yake.