Udongo Ukukatae

Tangu boti iondoke kisiwani Egina nililipakata lile sanduku la mbao, na kila aliyelitazama alijua ni la nini. Bibi mmoja mwenye kitambaa cheusi kichwani alifanya ishara ya msalaba, akanisogelea.

"Unamfuata nani?"

"Kaka yangu."

"Miaka mitatu imetimia?"

"Jumapili iliyopita."

"Basi Mungu amsamehe. Utamkuta safi, mwanangu. Mifupa ya manjano kama nta."

Nilimshukuru, nikageukia dirishani asiuone uso wangu.

Athene watu wamejazana mpaka chini ya ardhi. Marehemu anapewa kaburi miaka mitatu, kisha anafukuliwa, mifupa yake inaoshwa kwa divai na kuwekwa sandukuni, na mwingine anaingia. Argiris alitaka kulala Egina karibu na mama yetu, na mimi dada yake nilikuwa naenda kumwosha na kumrudisha nyumbani. Kazi ya kawaida. Lakini maiti isipooza na kuyeyuka udongoni, watu hutazamana, na wa kwanza kufungua mdomo huuliza: nani alimlaani huyu?

Mimi ndiye niliyemlaani.

Mama alituachia miti arobaini ya kokwa za pistashio na kisima. Argiris aliiuza yote bila kuniambia hata neno, akanunua nyumba ghorofani Athene, yenye roshani ambayo ukiinama mpaka karibu uanguke unaiona Akropoli. Nilimfuata bandarini siku anahama, mbele za watu, nikapiga kelele: "Udongo ukukatae, Argiris! Usikuyeyushe!" Akacheka. Akanipungia tiketi akasema, "Ukimaliza kulaani, Garifalia, nipikie samaki, nakuja Jumamosi." Hakuja. Mwezi wa pili baada ya kuhama moyo wake ulisimama akiwa kwenye ngazi za ghorofa hiyohiyo.

Kwenye maziko kila aliyetupa udongo alisema, "Mungu amsamehe." Mimi nilichezesha midomo tu. Halafu nikanywa kahawa na brandi ya matanga kama wenzangu.

Nimefanya kazi posta miaka thelathini, si mtu wa kuamini kila kitu. Mchana nilijicheka. Lakini kwa miaka mitatu sijaweza kuchimba hata shimo la kupanda nyanya.

Pireo, bandari ya Athene, nikapanda treni. Watalii wenye kofia kubwa waliniuliza kituo cha Akropoli, nikawaelekeza kokote tu, wanisamehe. Kila kituo nilichopita nilitamani treni iharibike.

Danai, binti yake Argiris, alinisubiri kwenye lango la makaburi ameshika chupa ya divai na shuka jeupe. Ni mtoto wake wa pekee, na mimi sikuzaa. Nilijua kwamba siku atakayolisikia lile neno langu, sitampata tena.

"Mbona umepauka hivyo, shangazi? Umekula?"

"Nimekula." Nilikuwa nadanganya.

Mchimbaji, Pantelis, mtu mnene mwenye sigara sikioni, alikuwa ameshaanza. Nilisimama nyuma ya Danai nikisikiliza jembe. Udongo laini, jiwe, udongo laini tena. Kisha mlio ukabadilika, na Pantelis akaguna.

"Kina mama, rudini nyuma kidogo."

"Kuna nini?" nikauliza.

"Bado hajawa tayari." Alisema kama mtu anayezungumzia mkate ulioko jikoni.

Nilichungulia. Heri nisingechungulia. Niliona mkono wa ile suti ya buluu niliyomchagulia mwenyewe azikwe nayo, na haukuwa mtupu. Nikalikumbatia sanduku kama ndilo lililonishikilia nisidondokee ndani.

"Msishtuke," akasema Pantelis, akirudishia udongo harakaharaka. "Udongo wa hapa umechoka, tunazika juu ya kuzika. Huyu ni wa tatu tangu asubuhi. Tutamhamishia safu ile ya ukutani, miaka miwili mingine, atakuwa tayari. Ila wazee husema..."

"Husemaje?" Danai akamkata.

"Si kitu, dada."

"Basi tupishe kidogo, kaka Pantelis. Kavute sigara yako."

Alipokwenda, Danai hakulia. Alinigeukia akanitazama usoni, nami nikatamani ardhi ipasuke, kisha nikakumbuka nipo wapi nikaacha kutamani.

"Shangazi, mfungue."

"Nimfungue nini, mwanangu?"

"Usinifanye mtoto. Siku ile nilikuwa kwenye ngazi ya boti nimeshika mabegi. Nilisikia kila neno."

"Miaka yote hii ulijua?"

"Nilijua."

"Na kila Pasaka unakuja kula kwangu?"

"Nikale kwa nani? Nina nani mwingine mimi?" Akanisukumia chupa ya divai mkononi. "Kuosha mifupa hata Pantelis angeosha. Nimekuita useme. Mimi naogopa, shangazi. Naogopa tangu siku alipodondoka. Sema!"

Nilifungua chupa nikamimina divai juu ya ule udongo, nikaona unavyoinywa, nikasema kwa sauti, si kwa kuchezesha midomo: "Mungu akusamehe, Argiris. Na mimi nimekusamehe. Udongo ukupokee."

Danai alinishika mkono. Wake ulikuwa wa baridi kuliko wangu.

"Umemaanisha?"

"Nimemaanisha," nikajibu, upesi kama mtu anayejibu polisi.

Nilirudi na boti ya alasiri. Bwana mmoja alitaka kukaa, akaliona sanduku kwenye kiti, akavua kofia akasema atasimama tu. Nikaona aibu. Nikaliinua kwa mkono mmoja, akaona lilivyo jepesi, tupu, na hakuniuliza kitu safari nzima.

Kutoka bandarini hadi kwangu njia inapita kando ya ukuta wa shamba letu, lililokuwa letu. Ni Agosti, pistashio zimepasuka, na wafanyakazi wa mwenye shamba walikuwa wanazipiga kwa fimbo zidondokee kwenye maturubai. Siku zote napita pale nimeinamisha kichwa. Leo nilisimama kwa makusudi, nijipime. Msimamizi aliniletea konzi moja.

"Onja, mama. Mwaka huu ni tamu ajabu."

Nilijua zimetoka mti gani. Ule wa kisimani, ambapo mama alitufungia bembea, mimi na Argiris, na yeye ndiye aliyekuwa ananisukuma. Niliweka moja mdomoni. Ilikuwa tamu kweli, na hasira ikaja, ileile, mbichi. Hapo ndipo nilipoogopa kuliko nilivyoogopa makaburini. Nilimwona Argiris katika safu ile ya ukutani, na suti yake ya buluu, akinisubiri mimi.

Nikaliweka sanduku chini, nikalikalia. Nikaanza upya: "Nimekusamehe, Argiris."

Haikuwa kweli. Nikasema tena.