Mchicha Haushonwi

Mimi ni fundi cherehani, na fundi cherehani hakurupuki. Nguo hupimwa kwanza, ikachorwa, ndipo mkasi ukapita. Kwa hiyo siku ya kwanza ya mwaka nilikaa chini nikaandika malengo ya bustani, nikayabandika ukutani juu ya cherehani. Januari isiishe kabla sijaona mchicha wangu mwenyewe. Machi, nyanya. Juni, nimpelekee jirani vitunguu mpaka aone haya kwa yale maneno yake kwamba fundi nguo hawezi kulima. Lengo moja sikuliandika, maana lingesomwa. Nilitaka Mama asiondoke.

Mama alikuja kwangu kutibiwa goti. Goti likapona, akaanza kukunja nguo zake.

"Mtu mzima nakaa kitini tangu asubuhi, naletewa chai kama mgeni," alisema. "Kaka yako akija Jumamosi ya tarehe ishirini, naondoka naye."

Kumwomba abaki nilishindwa. Nina kiburi, na sikukiokota barabarani, nimekirithi kwake. Nikaona heri ardhi iniombee. Mtu aliyelima miaka hamsini, akiona tuta limestawi nyuma ya nyumba, ataliachaje?

Basi nikatifua kiwanja cha nyuma, nikamwaga samadi, nikachukua futi yangu ya kupimia na chaki. Nilipiga mistari iliyonyooka kama pindo la suruali ya bwana harusi. Kila inchi nne, tundu. Kila tundu, kina cha kidole kizima. Mbegu tatu, funika, kandamiza. Mbegu za mchicha ni ndogo kuliko kichwa cha pini, lakini hilo halikunisumbua. Kifungo kisipokazwa hudondoka, nami nilikaza.

Siku tano, kimya. Siku kumi, kimya. Nilimwagilia asubuhi na jioni, wateja wakiningoja ndani na nguo zao nusunusu. Mama alikaa dirishani akinitazama. Siku ya kumi na nne ilikuwa Alhamisi, na kesho kutwa kaka anafika. Nikachuchumaa pale kwenye tope, machozi yakinilengalenga kwa hasira. Ardhi nayo ilikuwa imeninyima.

Nikasikia kandambili nyuma yangu. Mama alipiga magoti, akaingiza kidole kwenye tundu moja, akachimba, akazidi kuchimba.

"Hizi mbegu ulizipanda au ulizizika?"

"Nilipima, Mama."

"Ulipima," alirudia, na mabega yakaanza kumtikisika. Alicheka mpaka akakaa kitako kwenye udongo na gauni lake safi. "Mwanangu, mchicha haushonwi. Unanyunyiziwa juu juu, unafunikwa na udongo kiduchu, basi. Nilikuona tangu siku ile ya kwanza."

"Na ukanyamaza?"

"Uliniuliza?"

Wiki mbili nzima nilikuwa nahangaika kumfurahisha mtu aliyekaa hatua kumi kutoka kwangu, na swali moja dogo lilikuwa limenishinda.

"Basi nifundishe," nikasema. "Na usiondoke, Mama. Nakuomba."

Alinyoosha mkono nimpe pakiti ya mbegu.

Jumamosi kaka alipofika alimkuta Mama tutani, amefunga kanga kiunoni, anang'oa magugu yasiyozidi ukucha.

"Mama, begi liko wapi?"

"Begi la nini? Mbegu zina siku mbili tu ardhini. Zikiota nani atapunguza miche? Huyu? Ataipunguza kwa futi na mkasi."

"Kwa hiyo mpaka lini?"

"Mpaka ajue kulima."

Kaka alinitazama, nikatazama pembeni. Akaondoka peke yake kabla jua halijawa kali.

Mchicha tumeula, na nyanya zimeanza kuiva. Mimi bado sijajua kulima. Mwezi wa nne sasa, nikiambiwa nipande juu juu, nazika. Nikiambiwa nimwagilie kidogo, nafurikisha. Mama anafoka mpaka jirani anachungulia.

"Hivi wewe una kichwa gani?"

Nainamisha hicho kichwa na kumwambia anivumilie, nitajifunza tu, polepole.