Sato wa Bwawa la Heche

Ghati alifikisha miaka sabini na miwili bila kuonja samaki. Alikulia kijijini Kenyamonta, kwa watu wa ng'ombe, na kwake chakula kisicho na kwato hakikuwa chakula. Presha ilipompanda na daktari akamkataza nyama nyekundu, mwanawe Heche alichimba bwawa nyuma ya zizi kwa jembe na koleo, akapanda vifaranga vya sato.

"Wa ziwani siwezi," mama yake alimwambia. "Wanakula kila takataka."

"Hawa wangu ni safi, mama. Najua wanachokula."

Na kweli alikijua. Pumba alizijaza kwenye gunia la salfeti, akalitoboatoboa na kulining'iniza majini, sato wakawa wanazidonoa kutwa. Kila Jumamosi mama alikula mmoja mzima akammaliza. Heche alivimba kichwa, majirani wakachoka kusikia habari za samaki wake.

Ndiyo maana Imelda, mtafiti aliyekuwa akipima plastiki kwenye samaki wa ziwa, alipotafuta samaki safi wa kulinganisha nao, alielekezwa kwake. Heche alimpa kumi bure. Wiki mbili baadaye Imelda alirudi na picha kwenye simu: matumbo yaliyopasuliwa, yamejaa nyuzi za bluu nyembamba kuliko nywele. Wa ziwani hawakuwa na nyingi hivyo. Wote wawili wakageukia bwawa. Ile salfeti ya mistari ya bluu, iliyofumwa kwa nyuzi za plastiki, ilikuwa imeliwa pamoja na pumba, imebaki matambara.

Heche aliona aibu kubwa. Jumamosi, mkewe alipotenga chakula, aliishika sahani kabla mama hajanawa, akamweleza yote: salfeti, nyuzi, mwaka mzima.

"Kwa hiyo hawafai?" Ghati aliuliza.

"Sijui, mama. Mtafiti anasema madhara yake bado yanachunguzwa. Ila nilikwambia ni safi, na si kweli."

"Nikiwaacha hutaona vibaya?"

"Nione vibaya kwa lipi?"

Ghati alishusha pumzi. "Afadhali. Tangu yule wa kwanza, mwanangu, nimekuwa nawameza nimefumba macho. Nilikuona ulivyochubuka mikono kwa lile shimo, nikasema basi, nitakula mpaka nife."

Akamsogezea Heche ile sahani, akamwomba mkwewe kunde.