Uzito wa Upande wa Dereva

Haya niliambiwa na mkwe wangu, mume wa binti yangu wa pili, siku ya tisa tangu mjukuu wangu azaliwe. Tulikuwa uani, yeye anaanua nepi, mimi nazikunja. Mkwe wangu si mtu wa maneno. Ukimuuliza habari za safari atakwambia "nzuri" hata kama gari lilimlalia njiani siku mbili. Basi alipoanza kusema bila kuulizwa, niliziacha nepi mapajani nikasikiliza. Binti yangu alikuwa ndani ananyonyesha, dirisha liko wazi, na kila mumewe alipokosea alimrekebisha kwa sauti. Naandika kama walivyosema wote wawili.

Mkwe wangu ni fundi wa magari. Gereji ilikuwa ya kaka yake mkubwa, ambaye watu walimwita Tani kwa ajili ya mwili wake. Tani akipanda gari, gari lenyewe linajua. Ndiye aliyemlea mdogo wake na kumfundisha kazi, na ile pikapu inayovuta kwa magurudumu yote manne ilikuwa yake.

Mvua za mwaka juzi, binti yangu alishikwa na uchungu wa mimba ya kwanza. Hospitali iko ng'ambo ya mto. Daraja hakuna, kuna njia ya mawe tu ndani ya maji, na magari huipita mto ukiwa mtulivu. Siku ile haukuwa mtulivu. Tani akasema, "Shemeji asihangaike, nakwenda kumleta mkunga hapa hapa." Akaenda peke yake. Pikapu ilikuwa chini mno, maji yakaingia kwenye injini katikati ya mto. Akafungua mlango ashuke aisukume. Tulimpata siku ya tatu. Mkunga hakuja, na mtoto hakuishi. Wiki moja tulizika mara mbili.

Kwa hiyo binti yangu alipopata mimba ya pili, hakuna aliyepiga vigelegele. Mkwe wangu alikwenda gereji, akaondoa turubai lililofunika pikapu tangu ivutwe kutoka mtoni, akafufua injini. Kisha akaagiza seti ya vyuma vya kuiinulia juu.

"Nilitaka maji yapite chini ya tumbo la gari, Mama," aliniambia. "Basi. Sikutaka kingine."

Kazi yenyewe alinieleza polepole, kama unavyomweleza mtoto. Gari hunyanyuliwa kwa jeki, likakalishwa juu ya stendi nne za chuma, magurudumu yakatolewa. Springi za zamani zinatoka, zinaingia ndefu zaidi. Shokomzoba nazo ndefu. Nyuma huwekwa vipande vya chuma kati ya ekseli na springi, na mipira ya breki hubadilishwa isije ikakatika kwa kuvutwa. Kila kona hupimwa kwa tepu, kuanzia katikati ya gurudumu mpaka ukingo wa bodi juu yake.

Ziko boliti za mwisho, zinazoshika mikono ya chini, vile vyuma vinavyounga magurudumu na chasisi. Ndani yake mna raba, wao huziita bushi. Boliti hizo hazikazwi gari likiwa hewani. Unalishusha, likanyage ardhi kwa uzito wake, ndipo unaingia uvunguni ukaze, la sivyo raba hujikunja na gari halisimami sawa. Tani aliongeza lake juu ya hilo: mwenye gari lazima awe kitini wakati zinakazwa. "Gari hukazwa na mtu wake ndani," ndivyo alivyosema. Wateja walicheka, lakini walikaa.

Mkwe wangu alizikaza zote gari likiwa juu ya stendi.

"Nilijua nakosea. Lakini ningelishusha, ningelazimika kujiuliza nani akae."

Jioni akalishusha, akapima. Mbele, upande wa dereva, sentimita hamsini na tatu. Upande wa abiria, hamsini na tatu. Akafunga gereji, ufunguo akautia mfukoni. Asubuhi akafungua, na kabla hajawasha taa akaona. Upande wa abiria hamsini na tatu. Upande wa dereva hamsini na moja.

Springi mbovu, akasema moyoni. Akazitoa, akazibadilisha, ya huku ikaenda kule. Kama ubovu uko kwenye springi, nao utahamia upande wa abiria. Asubuhi yake: dereva, hamsini na moja. Akapima sakafu kwa pima maji, sakafu iko sawa. Akapima upepo wa matairi, uko sawa. Siku ya tatu hakuchukua tepu hata kidogo. Alisimama mlangoni akaitazama tu, imeinamia upande mmoja vile gari linavyoinama mtu akiwa ameketi ndani anakungoja.

Siku hizo miguu ya binti yangu ilikuwa imevimba, viatu havimwingii, na mawingu yanashinda juu ya vilima. Kila siku pikapu ilipobaki gereji, mto ulipanda. Mashindano yalikuwa hayo tu: gari litangulie kuwa tayari, au mtoto atangulie kuja.

Jirani yao pale gereji ni fundi wa kuchomelea, wanamwita Miwani kwa sababu ile miwani yake nyeusi haitoki kwenye paji la uso, hata akienda kuposa. Akaja na kikombe mkononi.

"Fundi, hili gari lako limeegemea kiwiko kama mtu anayesubiri chai."

"Springi inalala."

"Springi gani? Umezihamisha mpaka zimeota miguu. Hebu niambie, bushi ulikazia wapi? Hewani?"

Mkwe wangu akainama kuokota spana.

"Hewani! Ewe mtu wewe! Kaka yako angekutupia spana namba thelathini. Na kitini alikaa nani?"

"Hakuna aliyekaa."

"Ndio uone. Legeza zote, nikae mimi. Leo na mimi niwe tajiri mwenye pikapu, mke wangu akipita uniitie."

Ilikuwa saa sita mchana, jua limesimama utosini, barabarani watu wanapita na shughuli zao. Miwani akafungua mlango wa dereva, akapanda, akaufunga.

Gari halikushuka hata unywele.

"Kaa," mkwe wangu akamwambia.

"Nimekaa."

"Kaa sawasawa."

"Nikae vipi tena? Nimekaa makalio yote mawili!" Akajirusha kitini mara moja, mara mbili, kama mtoto kitandani. Pikapu imetulia kama imemwagiwa zege.

Miwani akashuka polepole. Akaivua miwani usoni, akakitazama kile kiti, kisha akamtazama mwenzake.

"Fundi, mimi nina kilo hamsini na nane. Hata baiskeli inajua nikikaa."

Hakungoja jibu. Alisema ameacha geti la watu halijaisha, akaenda, na kikombe akakisahau juu ya benchi.

Mkwe wangu alibaki na gari. Wanasema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na yeye alishtuka, hakunificha. Lakini alikumbuka miguu ya mkewe. Akatandika boksi chini, akajilaza, akajisukuma uvunguni. Akalegeza boliti ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Alipolegeza ya nne, gari likaguna, likajiweka vizuri, kama mtu mnene anayekitambua kiti chake. Chasisi ikamshukia mpaka pua yake ikagusa grisi, ikasimama hapo hapo.

Kutoka uvunguni aliona sakafu pande zote. Aliona ndoo, aliona gurudumu la akiba, aliona jua limelala kwenye kizingiti. Miguu ya mtu hakuiona.

"Nikasema, 'Kaka, tulia basi. Nakaza.'"

"Akajibu?" nikamuuliza.

"Hakujibu, Mama. Alitulia."

Akakaza moja moja, kwa zamu, kama alivyofundishwa. Alipotoka alipima: hamsini na tatu kwa hamsini na moja, na kiti kitupu. Safari hii hakubishana na tepu. Alikata pete ya chuma, unene wake sentimita mbili, akaivika juu ya springi ya upande wa dereva ili uzito ule ubebwe. Akapima tena. Hamsini na tatu, hamsini na tatu. Asubuhi yake, hivyo hivyo. Kesho kutwa yake, hivyo hivyo.

"Ulimwambia mkeo?"

"Hakuniambia!" binti yangu akadakia dirishani. "Alisema imekwisha, iko imara. Kumbe ametuwekea abiria."

"Dereva," mumewe akasema.

Walikuwa wamepanga kuvuka Jumatatu. Jumamosi alfajiri, wiki tatu kabla ya hesabu ya mkunga, chupa ya uzazi ikapasuka. Mkwe wangu akamkalisha upande wa abiria, akamfungia mkanda chini ya tumbo, wakashuka mtoni kumekucha.

Maji yalikuwa ya rangi ya matofali, yanapita yamebeba matawi. Mawe hayaonekani. Akaingiza gia nzito, akateremka taratibu. Bampa likagusa maji, kisha taa, lakini injini ilikuwa juu na ilipumua. Mpaka nusu ya mto alihesabu kila pumzi yake. Pale nusu, pale pale alipozama kaka yake, ubavu ukapigwa na wimbi, na upande wa abiria ukaanza kuelea.

Hili wote wawili walilisema kwa maneno yale yale. Binti yangu alihisi kiti chake kinanyanyuka kama kitanda cha mtoto, magurudumu ya upande wake yameachana na ardhi, na mto unataka kuigeuza pikapu chali. Lakini upande wa dereva haukunyanyuka. Ulishika chini. Magurudumu mawili ya upande ule yalibana mawe kana kwamba kuna mzigo juu yake, na gari lote likazunguka kidogo, likajirudisha, likakaa. Mkwe wangu ana kilo sitini na tano. Gari likaelea upande mmoja na kukanyaga upande wa pili, likatambaa hivyo hatua ishirini, yeye akikanyaga mafuta na kulia bila kujua kwamba analia.

"Alikuwa analia," binti yangu akasema. "Mimi ndiye mwenye uchungu, yeye ndiye analia."

Kisha magurudumu yote manne yakashika. Pikapu ikapanda ukingo wa ng'ambo, maji yanachuruzika, ikasimama juu ya nyasi. Akavuta breki ya mkono apumue.

Na hapo, yeye bado ameketi, mkono bado uko kwenye usukani, upande wa dereva ukainuka. Polepole, sentimita mbili. Mlango haukufunguka.

"Nani ameshuka?" binti yangu akauliza.

"Hakuna. Vuta pumzi."

"Nimesikia mtu ameshuka."

"Vuta pumzi, mama watoto. Tunafika sasa hivi."

Walifika. Mjukuu wangu alizaliwa saa nne na robo asubuhi, wa kike, akalia kabla hajapigwa. Kufika adhuhuri alikuwa amenyonya, amelala, na mama yake amelala mdomo wazi, mkono umemzunguka.

Mkwe wangu alitoka kwenda kuchukua nguo garini. Pikapu imesimama kwenye uwanja wa hospitali, juani, na yeyote aliyepita aliona kwamba imenyanyuka upande wa dereva. Alikuwa na tepu mfukoni. Alipima. Abiria hamsini na tatu, dereva hamsini na tano. Pete aliyoivika ilikuwa inabeba hewa.

Nilimuuliza kama alifurahi. Akakunja nepi moja, akaikunjua tena.

"Nilipanda nikakaa kitini kwake. Gari likashuka kidogo, kwa uzito wangu mimi. Nikashuka, likapanda. Nikapanda tena. Nilifanya hivyo mara nyingi, Mama, mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama ninatafuta kitu."

"Ukamwambia nini?"

"Nilimwambia sitafuti. Nikachukua nguo."

Akarudi wodini, akaziweka chini ya kitanda, akawatazama wale wawili wanavyopumua. Muuguzi akamwonyesha benchi la ukutani. Akajinyoosha hapo na viatu vyake vya grisi, saa saba mchana, milango inafunguliwa na kufungwa, watu wanapita na ndoo, na akalala.