Doa la Grisi kwenye Rula ya Baba

Msiniambie habari za pikipiki zenu za siku hizi. Mwaka 1992, pale Gikondo, maghala yakishafungwa Jumapili, ile barabara iliyonyooka ilikuwa yetu, na mbio zilianza kwa kitambaa cha kichwa cha Kankindi, muuza chai. Alikiinua juu, akacheka, akasalimia watu, kisha akakiachia ghafla. Ukiondoka kabla, umeshindwa. Ukichelewa, unakula vumbi.

Kaka yangu Shafiq alikuwa na pikipiki kuukuu aliyoiunga mwenyewe. Baba, fundi cherehani wa Biryogo, hakutaka hata kuisikia. Mwishowe alikata neno: mwisho wa mwezi Shafiq akimshinda mpinzani wake Mutabazi, abaki na pikipiki yake, akishindwa aiuze, aje ashone. Shafiq kwenye cherehani! Afadhali umfundishe paka kuoga.

Pikipiki ya Mutabazi ilikuwa na nguvu zaidi, wote tulijua. Lakini Mutabazi leo ataruka kama aliyeungua, kesho atasinzia. Tumaini la Shafiq lilikuwa moja tu, kuondoka vizuri kila mara. Basi jioni, dukani kwa Baba, nilishika rula yake ya mti kwa juu, yeye akaacha vidole wazi kwa chini. Nikiiachia, anaidaka; akiwahi anaidaka chini, akichelewa inampita mpaka juu. Aliidaka palepale, kwenye namba nane, mpaka dole gumba lake likaacha doa jeusi la grisi. Tulijisifu sana.

Baba akainua macho kutoka kwenye mshono. "Leta." Akaiachia rula. Ikampita Shafiq, ikaanguka sakafuni. Akaiachia tena, ikaanguka tena.

"Wewe hauangalii rula," akamwambia Shafiq, kisha akaninyooshea mimi kidole. "Unamuangalia Uwimana. Yeye akitaka kuachia, anavuta pumzi kwanza. Na Kankindi iko navuta pumzi ya namna hiyo?"

Niliona aibu, na nilimkasirikia. Nilidhani amefurahi Shafiq kukosa. Lakini kesho yake, baada ya swala ya alasiri, yeye mwenyewe alimwita Shafiq. "Kuja hapa." Aliachia rula huku akipiga soga na mteja, huku ana pini mdomoni, huku ananigombeza mimi. Shafiq alikosa, akakosa, akaanza kudaka juu, kisha chini kidogo. Baba alisema neno moja tu: "Tena." Mwezi ulipokaribia kwisha, dole gumba lilikuwa limerudi kwenye doa.

Jumapili ile Baba alisema ana suti ya harusi ya kumaliza, haendi popote. Kankindi aliinua kitambaa, akauliza nani amemaliza sukari yake. Mutabazi alikuwa bado anacheka kitambaa kilipoanguka. Shafiq alikuwa ameshaondoka. Injini ile kubwa ilimfukuza mpaka mwisho, ikamkosa kwa urefu wa gurudumu la mbele tu.

Niligeuka nikipiga kelele, nikamwona Baba kando ya ukuta wa ghala, mkanda wa kupimia shingoni. Mkono wake ulikuwa mbele yake, vidole vimebana kama ameidaka rula.

"Pikipiki ibaki," alimwambia Shafiq. "Lakini unawe mikono. Umenichafulia rula."

Hakulifuta lile doa. Mwaka 1995 haukumkuta hai, na ninamkumbuka kila ninapokata kitambaa. Shafiq, na mvi zake, hupita dukani akitoka gereji, akanyoosha vidole. Ninaiachia rula huku nikiongea na mteja. Siku hizi anaidaka juu sana ya doa.

"Tena," ninamwambia.