Harusi Iliyokataa Kuchomeka

Dividii ya nne ilifia kwenye asilimia sitini na mbili. Trei ilijitema nje yenyewe, kama mtoto anayesukuma uji kwa ulimi, na kwenye skrini likatokea lile tangazo jekundu: kazi imeshindikana. Mama Kanda aliichomoa dividii kwa ncha za vidole, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Upande wa chini ulikuwa na rangi mbili. Duara la ndani lilikuwa limekoza, pale mashine ilipofika. Duara la nje lilikuwa bado linang'aa, halijaguswa. Aliiweka juu ya nyingine tatu.

"Bado?" aliuliza binti wa mumewe kutoka mlangoni. Alikuwa amesuka nywele asubuhi hiyohiyo, na begi lake la safari lilikuwa tayari limesimama chini ya meza, zipu ikilalamika.

"Bado."

"Basi linaondoka saa tisa, Mamdogo."

"Najua kusoma saa."

Binti alicheka, akasema anakwenda kununua sabuni na betri za tochi, akatoka. Alikuwa amepata kazi ya uuguzi katika zahanati moja ya mbali, na mbali huko ndiko aliko bibi yake mzaa mama. Angekaa kwa bibi huyo. Angekula kwake, angelala katika chumba alicholelewa mama yake. Kitu pekee alichoombwa apeleke kilikuwa harusi ya marehemu mama yake, iwe kwenye dividii, maana bibi ana deki ya zamani isiyojua flashi wala simu.

Mtaa mzima ulimwita Mama Kanda kwa sababu ndiye peke yake aliyebaki mwenye uwezo wa kuikamua kanda kuukuu ikatoa picha. Wengine walishaziuza mashine zao kama vyuma chakavu. Yeye alikuwa nazo tatu, na kutokana na tatu hizo alikuwa anapata moja inayofanya kazi. Watu walimletea harusi, mahafali, mazishi, watoto waliokwisha kuwa wazee. Alisafisha, akahamishia kwenye kompyuta, akachoma, akajaribisha kwenye deki mbele ya mteja, kisha akafuta. Hakuwahi kumwonea mtu wivu kwenye kazi hiyo. Bibi harusi wa watu ni bibi harusi wa watu.

Mpaka wiki iliyopita, mume wake alipomletea kanda iliyofungwa kwenye mfuko wa nailoni.

"Mwanao anaitaka," alisema mumewe, huku akitazama kalenda ukutani kana kwamba ameulizwa tarehe.

Kanda ilikuwa imeota ukungu. Mama Kanda aliifungua kwa bisibisi, akaifuta kwa pamba, shubiri kwa shubiri, kwa siku mbili. Alipoicheza ilitoa picha yote, saa moja na dakika hamsini, na ilipofika mwishoni ikanaswa kwenye meno ya mashine ikakatika vipande vitatu. Kwa hiyo, duniani kote, kilichobaki cha harusi ile kilikuwa faili moja, ndani ya kompyuta yake, mikononi mwake.

Aliweka dividii ya tano. Hii ilitoka kwenye boksi lingine, la aina nzuri. Tayari alikuwa amelisafisha jicho la mashine kwa pamba na spiriti, amefuta vitu vya zamani ili nafasi iongezeke, na feni ameielekeza kwenye kompyuta mpaka yeye mwenyewe akawa anatokwa jasho. Sasa akashusha na kasi, kutoka kumi na sita hadi nne. Akabonyeza. Mstari wa kijani ukaanza kutambaa.

Asilimia tatu. Asilimia tano.

Halafu akafanya alichokuwa akifanya tangu asubuhi. Alilifungua faili lilelile kwenye kidirisha cha pembeni, akazima sauti, akatazama.

Picha ilikwenda kwa kusitasita, hatua moja na kisimamo. Mumewe alikuwa na kiuno. Hilo ndilo lililokuwa la kwanza kumkata maini. Mtu aliyemwambia, miaka kumi na tisa iliyopita, "Mimi miguu yangu haikuumbwa kwa ngoma," alikuwa pale na koti lake la kahawia, akicheza, meno yote nje, tai imehamia begani. Bibi harusi akamfuta jasho usoni kwa leso. Akamfuta tena, ingawa hapakuwa na jasho jipya.

Ndoa ya Mama Kanda ilifungwa ofisini, mbele ya karani mwenye mhuri na mashahidi wawili, mmoja wao akiwa mtu aliyekuja kufuatilia cheti chake cha kuzaliwa. Mumewe alikaa mikono magotini. Hakukuwa na kamera. Yeye, aliyezihariri harusi za nusu ya mji, hakuwa hata na picha moja ya kwake.

Hilo angeweza kulimeza. Lililokwama kooni lilikuwa dakika ya arobaini na moja.

Katika dakika hiyo mtu asiyeonekana alisema jambo, na bibi harusi akacheka. Alicheka kwa kuziba mdomo kwa mgongo wa mkono, vidole vimelegea, kichwa kikiinamia bega la kushoto.

Mama Kanda aliijua ishara ile. Alikuwa na jino la mbele lililovunjika tangu utotoni, na alijifunza kuziba mdomo kabla hajajifunza kuandika. Alipoolewa, alimkuta binti ana miaka minne, kimya kama kabati. Mwaka mmoja baadaye mtoto akaanza kucheka, na alipocheka aliziba mdomo kwa mgongo wa mkono. "Loo, kamekuiga mpaka kicheko!" majirani walisema. Neno hilo Mama Kanda alilitunza kama watu wanavyotunza hati ya kiwanja. Mtoto hakuwa na macho yake wala rangi yake, na hakumwita Mama ila Mamdogo, lakini kicheko kilikuwa chake. Alikipanda yeye.

Kumbe kilikuja na damu. Kilikuwa kwenye kanda siku zote, chini ya sanduku la mumewe, kikimsubiri.

Akarudisha nyuma, akatazama tena. Akarudisha nyuma.

Trei ikajitema. Asilimia thelathini na tano.

Ya sita ikafika themanini na moja, akiwa ameshaanza kuamini, ikafa.

Alimpigia simu fundi wa kompyuta, mzee mmoja ambaye kila mtu alimwita Daktari kwa sababu hakuwahi kukiri kwamba mashine yoyote imekufa.

"Daktari, mashine yako imenishinda."

"Ikifanya kazi ni yako, ikiugua ni yangu. Haya, inaumwa wapi?"

"Haimalizi kuchoma. Nimebadilisha dividii, nimesafisha jicho, nimeshusha kasi mpaka nne. Inatambaa kama konokono na bado inafia njiani."

"Inafia wapi?"

"Inapotaka. Sitini na mbili, thelathini na tano, themanini na moja."

"Zichukue hizo zilizoharibika uzilinganishe. Duara zake zinaishia mahali pamoja?"

Alizipanga dirishani. "Hapana. Kila moja na pake."

"Basi faili lako ni zima. Lingekuwa na kidonda, zote zingejikwaa palepale. Na jicho likiwa chafu usingefika themanini. Hapo mashine inavutwa mkono ikiwa kazini. Mama Kanda, umefungua nini kingine?"

Alitazama skrini. Kwenye kidirisha cha pembeni bibi harusi alikuwa ameganda, mkono mdomoni.

"Sijafungua kitu."

"Kitu kabisa?"

"Daktari, nimeshasema."

"Haya, mama, usinipige. Nauliza maana hiyo mashine ni kongwe kama mimi. Ukiiambia ichome filamu na papo hapo ikuonyeshe filamu hiyohiyo, inaishiwa pumzi, inaacha yote. Lakini kama hujafungua kitu, basi hayo ni majini."

"Ni majini," alisema Mama Kanda, akakata simu.

Ilikuwa saa saba na robo. Alikaa akizitazama zile dividii sita dirishani, kila moja na kipande chake cha mwanamke yule ndani, hakuna iliyomfikisha mwisho. Wazo lilikuja polepole, likaketi. Si lazima afanye lolote. Angeendelea kutazama tu, kama alivyokuwa akitazama, na saa tisa ingefika. Angesema, imeshindikana, mwanangu, kanda yenyewe ilikuwa mbovu, si uliona ukungu? Kweli tupu. Binti angepanda basi mikono mitupu, na huko kwa bibi mwanamke yule angebaki alivyokuwa, picha tano kwenye bahasha ya bibi, amesimama wima, hacheki.

Binti aliingia na sabuni zake, akanusa chumba.

"Kuna joto humu! Bibi kapiga tena. Eti ameazima viti kwa majirani. Anataka wote waje wamwone mwanawe."

"Viti vingapi?"

"Sijui. Vyote." Alichutama kando ya meza, akaziona dividii dirishani. "Hizi zote ndizo zimekataa? Mamdogo, kama haiwezekani niambie tu. Nitajua cha kumwambia Bibi."

"Nani kasema haiwezekani?"

"Hakuna. Ila sijawahi kukuona unashindwa na kanda. Au leo Mama Kanda amempata kiboko yake?"

Alisema kwa utani. Hakujua amegusa wapi. Mama Kanda alimtazama, akatazama mkono wake mwenyewe uliokuwa juu ya kipanya. Kisha akakifunga kile kidirisha cha pembeni. Bibi harusi akatoweka na mkono wake mdomoni. Akaweka dividii ya saba, akabonyeza, akavua mtandio akaufunika juu ya skrini, na kiti akakigeuza kikatazama ukuta.

"Umeipa adhabu?" aliuliza binti.

"Haitaki kutazamwa."

Walikaa wakiisikiliza. Mashine ilivuma sauti moja, haipandi wala haishuki. Mama Kanda aliikalia mikono yake kama mtoto wa shule.

"Wewe umeiona yote?" binti aliuliza baada ya muda.

"Kazi yangu ni kuona."

"Yukoje?"

Angeweza kusema lolote. Angeweza kusema mfupi, au mkimya, na kuliacha hapo. "Anacheza kama hana mifupa," alisema, na maneno yalimtoka kama miba inavyotoka, moja moja. "Ana mwanya. Ana vidole virefu kama vyako. Hatulii. Na baba yako anacheza."

"Baba nani?"

"Una wangapi?"

"Baba yangu mimi? Huyu anayekaa harusini kama mtu anayesubiri kung'olewa jino?"

"Anacheza mpaka tai inamkimbia."

Binti akaangua kicheko, akaziba mdomo kwa mgongo wa mkono, na kichwa kikainamia bega la kushoto. Mama Kanda akautazama ukuta.

Trei ilipotoka, ilitoka taratibu. Aliiinua dividii dirishani: rangi moja, toka katikati mpaka ukingoni.

Waliijaribisha kwenye deki, kama afanyavyo kwa kila mteja. Binti alikaa sakafuni karibu sana na televisheni, magoti kifuani. Mama Kanda alirukaruka mbele kwa rimoti ili kuhakikisha haikwami: dakika ya kumi, dakika ya ishirini na tano. Alitaka kuiruka ya arobaini na moja. Kidole kilichelewa.

"Ngoja!" alisema binti. "Rudisha. Mamdogo, tazama!"

Kwenye kioo mwanamke aliziba mdomo.

"Umeona anavyofanya?" Binti aligeuka, macho yamejaa, na uso unacheka. "Anacheka kama wewe!"

Mama Kanda alifungua kinywa kumsahihisha. Ulimi ulikuwa tayari. Akakifunga.

"Nimeona," alisema.

Alichukua kalamu ya wino mzito. "Niandike nini juu yake?"

"Andika tu Harusi ya Mama."

Aliandika. Herufi nne za mwisho zilimchukua muda kuliko zote zilizotangulia. Akapuliza wino ukauke, akaitia dividii kwenye kasha lake, na kasha akalifunga katikati ya nguo ili lisigongwe njiani. Baba alikuwa ameshatangulia kituoni na tiketi. Binti alimkumbatia mpaka begi likaanguka.

"Ule," alimwambia. "Usikae na mashine mpaka ukasahau kula."

"Nenda, basi halikusubiri wewe."

Chumba kilipokuwa kitupu aliuondoa mtandio kwenye skrini. Desturi yake ilikuwa moja: mteja akishaondoka na chake, faili linafutwa. Alilibonyeza. Kompyuta ikauliza kama ana hakika.

Dirishani dividii sita zilirusha miduara ya mwanga ukutani, mikubwa na midogo, ikitetemeka kila feni ilipogeuka. Aliitazama kwa muda. Kisha akabonyeza hapana, akavuta kiti, akalifungua faili.

Picha ilikwenda laini, bila kusita, kwa kuwa mashine sasa haikuwa na kazi nyingine. Mumewe alicheza. Leso ilipita usoni mwake mara moja, mara ya pili. Mama Kanda aliacha ipite. Na ilipokaribia dakika ya arobaini na moja, alinyoosha mkono, akafungua sauti.